Kitabu cha Mwenye Kuchelewa

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo hukohuko uliko.

Nimeolewa! Naanza na hilo kwa sababu ungeninunia kama ningeliweka mwishoni. Nimeolewa na Elia, yuleyule mtani wako Mnyamwezi wa maktaba, na mpaka leo nikiamka nikamwona anatafuta soksi zake chini ya kitanda najifinya mkono nihakikishe siyo ndoto. Ananiita "mke wangu" hata akiomba chumvi. Siku ya harusi niliacha kiti kimoja wazi mstari wa mbele, nikakitandika khanga yako ya njano yenye korosho. Watu wakadhani ni cha mgeni rasmi. Hawakukosea.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya harusi tu. Jumanne ya wiki iliyopita ukungu uliteremka kutoka mlimani, na limetokea jambo ambalo lazima ulijue wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Barua nimeiacha wazi ili waisome na akina mama wanaowaachia watoto wao wanawake kama wewe, na watu wa maktaba popote walipo. Ila ni yako.

Nimekulia kwenye mkeka wako, Bibi. Nyumba yetu ile juu ya Kilakala, pale barabara inapoishia na njia ya miguu inapoanza kupanda, kila asubuhi ilipokea watoto kama mti unavyopokea ndege. Mama mmoja anawahi kiwandani, mwingine anakwenda kufundisha, mwingine sokoni. Hakuna aliyekuita mwalimu wala mlezi. "Namwachia Bibi," walisema, basi, na mtoto ameshavuliwa viatu mlangoni.

Unakumbuka siku niliponyoosha kidole? Nilikuwa nimejua hesabu karibuni, nikataka kuringa. Nikaanza: mmoja, wawili, watatu. Ulitoka jikoni na mwiko mkononi, ukanishika kidole ukakikunja ndani ya ngumi yangu mwenyewe.

"Watoto hawahesabiwi."

"Kwa nini, Bibi?"

"Kuna anayesikiliza hesabu. Akisikia wengi, anaomba mmoja."

Ulisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema maziwa yamechemka. Halafu ukatazama nje, upande wa mlima, ukarudi jikoni. Tangu siku hiyo mpaka leo sijahesabu mtoto wa mtu, na katika barua hii pia hutaona walikuwa wangapi.

Nilipomaliza kidato cha nne nikarudi kukusaidia. Siku moja ukajifunga khanga mbili, ukaniambia twende mjini maktaba. Nilifurahi peke yangu njia nzima, nikidhani unataka nisome zaidi. Tukaingia ile maktaba ndogo ya umma, wewe mbele, mimi nyuma. Nyuma ya meza alikuwa kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi mpaka kola. Moyo wangu ulifanya jambo ambalo sijui kuliandika.

"Shikamoo, Bibi. Karibu."

"Marahaba. Nataka vitabu."

"Vya kusoma mwenyewe?"

"Mimi sijui kusoma. Vya watoto. Vyenye jalada gumu, visivyochanika upesi."

"Una watoto wangapi, Bibi?"

Ulimtazama mpaka akainamisha macho. "Wewe kwenu wapi?"

"Tabora, Bibi."

"Mnyamwezi! Ndiyo maana. Watoto ni kuni hizo, niwapange mafungu?"

Mtu mwingine angekasirika. Elia alicheka, akaweka mkono kifuani. "Nisamehe, mtani wangu. Basi walete wenyewe. Kila mmoja akae na kitabu chake, mimi nitahesabu vitabu."

Nilikuona midomo inacheza kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha ukanigeukia, ukasema kwa sauti ambayo maktaba nzima iliisikia: "Huyu ana akili. Muulize kama kwao wana ng'ombe."

Nilitamani kuingia ndani ya kabati la magazeti.

Ndivyo Jumatano zetu zilivyoanza. Asubuhi hizo wanafunzi wako shuleni na chumba cha watoto kiko kitupu, basi Elia aliomba ruhusa kwa mkubwa wake tukitumie sisi. Akatandika mkeka. Akaweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni ili mikono ioshwe kwanza. Akakuandikia kadi kwa jina lako, ukaiwekea dole gumba, na ukapewa mfuko wa vitabu kwenda nao nyumbani kwa wiki mbili. Ukurasa ukichanika hakuna aliyefokewa. Tulikaa wote tukaubandika. Taratibu wakaja na wanawake wengine wanaolea watoto wa watu majumbani, wakaanza kujuana. Mama Jeni alikuwa jirani yetu miaka yote, nyumba yake iko umbali wa kelele moja tu, lakini ilibidi mkutane kwenye mkeka wa maktaba ndipo mgundue kwamba mnafanya kazi moja.

Na wewe ukasoma, Bibi! Ulisoma picha. Kitabu kilekile cha tembo, leo tembo anatafuta mtoto wake, wiki ijayo tembo ni mkwe aliyekuja bila taarifa na nyumbani hakuna unga. Elia alijificha nyuma ya rafu akisikiliza, mabega yanamtikisika. Aliwaambia wale wengine, "Mnaona? Siyo lazima ujue herufi. Mwonyeshe mtoto picha, mwulize anaona nini, mjibu." Watoto walioanza shule baadaye walirudi kulalamika kwamba uliwadanganya, kitabu hakisemi hivyo. Ukawajibu, "Aliyeandika ndiye hakuja kuniuliza."

Lakini nyumbani ulikuwa na utaratibu ambao hukuueleza. Watoto wakishakunywa uji uligawa vitabu, kimoja kwa kila paja. Kimoja kilibaki siku zote. Hukukirudisha mfukoni. Ulikiweka chini karibu na kizingiti, kimefunguliwa ukurasa wa kwanza, kimeelekea nje.

"Hicho cha nani, Bibi?"

"Cha mwenye kuchelewa."

Nilidhani kuna mtoto anayekuja. Nilimsubiri wiki nyingi. Kilichonishangaza ni kwamba tulipokusanya vitabu, kile cha kizingitini nilikikuta ukurasa wa mwisho. Nilijiambia ni upepo. Halafu Elia, wakati wa kupokea mfuko, akakigeuza mikononi. "Bibi, hiki nani anakisoma? Kina vidole." Pembeni mwa kurasa palikuwa na alama ndogo za udongo mwekundu. Watoto wetu wote walinawa, nilikuwa nawanawisha mimi. Ulichukua pindo la khanga, ukapangusa kila alama polepole, kama unavyompangusa mtoto kamasi.

"Watoto," ukasema.

Ulikuja kuniambia ukiwa unaumwa, mchana wa jua kali, mlango wazi. Uliniambia nigeuze kitanda upate kuona njia. Ukasema zamani, kabla mama yangu hajazaliwa, uliachiwa mtoto wa jirani aitwaye Sikudhani. Wa miaka minne, mpole. Ukungu ulishuka asubuhi. Watoto waliingia ndani wakala, wakalala, wakacheza, na wewe hukuhesabu kwa sababu watoto hawahesabiwi. Jioni mama yake akaja akasimama mlangoni akasema, "Wangu yuko wapi?"

"Kumbe alikuwa hayupo tangu asubuhi," uliniambia. "Siku nzima, mjukuu wangu. Nimepika, nimeimba, na hayupo. Tulimtafuta mtoni, tulimtafuta mlimani mpaka Mgeta. Hata kandambili haikuonekana."

Nilikushika mkono. Ulikuwa mwepesi kama ganda la muhindi.

"Ndiyo maana nilikwenda maktaba. Sikufuata kusoma. Nilitafuta kitu ambacho mtu anaweza kukihesabu badala ya mtoto. Punje za mahindi wanakula. Vijiti wanavunja. Kitabu mtoto anakikumbatia. Kikibaki peke yake mkekani, unajua palepale." Ukapumzika. "Na chake usikipunguze. Akija akute nafasi."

Nikasema ndiyo, Bibi. Ukafariki wiki hiyo.

Sasa nikiri kosa langu. Baada ya harusi tulihamia nyumbani kwako, mimi na mume wangu, na akina mama wakaja na watoto wao kama zamani. Wengine ni wapya, hawakukujua. Mmoja ni Tunu, binti wa miaka minne. Mama yake hufuata karoti na kabichi Mgeta, hupanda lori alfajiri na kurudi jioni. Siku ya kwanza aliniangalia juu mpaka chini.

"Wewe mwenyewe si bado mtoto?"

"Nimeolewa, dada."

"Kuolewa siyo cheti. Huyu ndiye niliye naye peke yake, unasikia? Sina mwingine."

Nilisikia. Nilimwahidi, na ahadi ile nililala nayo na kuamka nayo.

Jumatano moja maktaba, Mama Jeni alikuwa amepata mtoto mpya na vitabu vya picha vimekwisha. Nilikuwa na furaha zangu za ndoa, moyo umejaa, nataka kumpa kila mtu kila kitu. Nikachukua kile cha ziada nikampa. Nilijiambia Bibi angependa kisomwe na mtoto aliye hai. Elia akaandika kwenye kadi yangu: vitabu vinane. Vingetosha kila paja.

Asubuhi iliyofuata niligawa vinane. Mkono mmoja ukabaki mtupu. Ulikuwa wa Tunu.

Nikatazama mapaja yote. Kila paja lilikuwa na kitabu, kila kichwa kimeinama. Na Tunu amesimama mbele yangu, viganja wazi. "Mimi je, shangazi?" Nikavikusanya nikagawa upya, nikianza na yeye. Mara hii akakosa mdogo wa pembeni. Bibi, kidole changu kilikuwa kimeshainuka. Kilikuwa tayari hewani kabla sijakiona. Nikakikunja ndani ya ngumi, nikakaa chini, na vile nilivyokaa nikasikia baridi ikipita mgongoni kama mtu mdogo ameniegemea.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilimwambia Elia. Akacheka kidogo, akanibusu kipaji, akasema mke wangu umechoka. Akachelewa kwenda kazini makusudi, akagawa yeye kwa mkono wake, huku akitaja kwa sauti: kitabu cha kwanza, cha pili, mpaka cha nane. Tunu akamwuliza, "Mimi je, mjomba?"

Elia hakucheka tena. Alivaa viatu, akaenda kazini. Jioni alirudi na kitabu chembamba cha jalada la bluu, chenye picha ya kuku na vifaranga, akakiweka mezani. Hakuniuliza neno. Ndiyo maana nampenda mwanaume huyu mpaka naogopa. Kesho yake nilikiweka kizingitini, ukurasa wa kwanza, kimeelekea nje, na vile vinane vikatosha.

Ndipo ikaja Jumanne.

Ukungu ulishuka baada ya uji, haraka, kama mtu anayevuta shuka. Kwanza ukapotea mlima, kisha nyumba ya Mama Jeni, kisha mgomba wetu. Kijito cha nyuma kilikuwa kimejaa, maji mekundu, kinanguruma. Nilifunga mlango wa nyuma. Nikagawa vitabu. Mdogo mmoja akajichafua, nikampeleka bafuni kumwosha. Sikukawia, Bibi. Nakuapia. Ni maji ya ndoo moja.

Niliporudi nikaita, "Vitabu nyumbani!" nao wakaanza kuleta mfukoni wakigombania kuwa wa kwanza. Vikaingia saba. Cha nane kilikuwa mkekani, kimelala kifudifudi, hakina mtu. Kile cha tembo. Cha Tunu.

Nikageukia kizingiti. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupita mtoto. Kitabu cha bluu hakikuwepo.

Nilipiga kelele, "Mama Jeni!" Sauti ikaingia ukunguni kama jiwe kwenye unga. Lakini alisikia. Alikuja mbio na watoto wake wameshikana khanga kama siafu, akaona kile kitabu peke yake mkekani, na kwa kuwa anaujua utaratibu wetu hakuuliza. "Nenda, nawakalia hawa."

Nilikwenda bila viatu. Sikuona mikono yangu. Nilimwita Tunu, na kila nilipomwita kulikuwa na kimya kifupi halafu kitu kama kicheko, siyo mbele wala nyuma, cha chini, cha kimo cha mtoto. Nilikifuata. Nilikuwa nasema moyoni, sina mwingine, sina mwingine, kwa sauti ya mama yake.

Alikuwa amekaa juu ya jiwe, hatua mbili kutoka kwenye maji. Nywele zimelowa, gauni limelowa, anatiririka. Mapajani ana kitabu cha bluu, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho. Nilimkumbatia, kitabu kikabanwa katikati yetu, na hapo ndipo nilipohisi. Kitabu kilikuwa kikavu. Jalada lina vuguvugu, kama kimetoka kwenye paja la mtu.

"Tunu, nani alikuleta huku?"

"Nimekuja mwenyewe. Nataka kumwona mama kwenye lori."

"Na kitabu?"

"Kanipa dada."

"Dada gani?"

"Yule anayekaa mlangoni." Alinitazama kama mimi ndiye mjinga. "Kanishika gauni. Kasema nikae nisome mpaka uje."

"Yuko wapi?"

Akaelekeza juu, kwenye ukungu, si kwa kidole, kwa kidevu. Sijui nani alimfundisha hivyo.

"Amesema nini kingine?"

Tunu alifikiri. Maji yalikuwa yananguruma, ilibidi nisogeze sikio.

"Kasema Bibi alichelewa. Wewe hujachelewa."

Bibi, mtoto huyu hajawahi kukuona. Habari ya Sikudhani sijamsimulia mtu isipokuwa mume wangu.

Jioni nilimweleza Mama Tunu kila kitu mlangoni, hata kabla hajatua kapu. Ningeweza kunyamaza, mtoto alikuwa mkavu, ameshakula. Nilimwambia uzembe wangu wa komeo la mlango wa mbele. Alikaa chini ghafla. Alimpapasa Tunu kichwa, masikio, vidole vya miguu. Nilisubiri aniambie hamleti tena.

"Ulijua baada ya muda gani?" akauliza.

"Palepale. Kitabu kilibaki."

Akamvuta Tunu mapajani. "Mimi nilidhani vile vitabu ni vya kuwapotezea muda tu," akasema. "Weka komeo juu. Kesho namleta."

Elia ameweka makomeo mawili. Amejaribu pia kunipa maelezo: Tunu alikiokota mwenyewe alipovuka kizingiti, alikificha ndani ya gauni ndiyo maana hakikulowa, watoto husikia wakubwa wakinong'ona. Ananieleza huku amenishika mkono, na mkono wake ni wa baridi. Namwacha anieleze. Namwitikia ndiyo, mume wangu. Napenda hata anavyoogopa.

Nimewaza sana tangu siku ile. Nyie hamkupewa kitu, Bibi. Hamkuwa na uzio, wala cheti, wala mtu wa kusema naye. Mlikuwa na mkeka na miiko. Maktaba ilikupa mfuko, asubuhi moja tulivu kwa wiki, kijana asiyekucheka kwa kutojua kusoma, na jirani aliyekuwa jirani tayari. Mfuko ule ndio uliomrudisha Tunu. Nawaomba wenye maktaba nyingine: vyumba vyenu vya watoto viko vitupu asubuhi, na huku mitaani kuna kina Bibi. Waiteni. Msianze kwa kuwauliza wana watoto wangapi.

Nimalizie. Jumatano tuliteremka maktaba kurudisha mfuko. Nikamwambia Elia, mbele ya watu nikajifanya simjui, "Naomba kitabu hiki cha bluu nikae nacho tena." Akavuta daftari. Akaniuliza, kwa sauti ya kazi, "Kwa kadi ya nani?"

Akafungua mtoto wa meza akatoa kadi mpya, ameshaiandika kwa ule mwandiko wake mzuri. Jina: Sikudhani. Mahali pa mlezi ameandika jina lako, akalikata kwa mstari mmoja, akaandika langu. Mahali pa dole gumba ameacha wazi.

Nililia pale mezani kama mtu aliyefiwa, na nilikuwa na furaha.

Kadi niliiweka ndani ya kitabu, kitabu nikakiweka kizingitini. Leo asubuhi nimeikuta nje ya kitabu, juu ya mkeka. Pale palipoachwa wazi pana alama ndogo ya udongo mwekundu. Sijaipangusa.

Kwa hiyo pumzika, Bibi. Kama huko uliko umekuwa ukimtafuta bondeni na mlimani, ukimwita, usimtafute tena. Hayuko huko. Yuko hapa mkekani kwako, na kitabu chake kipo.

Lala salama, na Elia anakusalimu, anasema ng'ombe wapo.

Mjukuu wako,
mke wa mtani wako.